Kamera kichwani, futi 12,000: shajara ya kupiga picha angani Diani

7 Septemba 2024. Sharti kwanza

Mradi wenyewe ni huu: kupiga picha za mnato, si video, nikiwa katika anguko juu ya Diani, pwani ya Kenya, yaani nimeshatoka ndegeni na mwavuli bado haujafunguka, tena picha safi za kuchapishwa kubwa na kutundikwa ukutani. Naandika kwa ajili ya mrukaji mwingine atakayetaka kuifuata njia hii akiwa huku kwetu, ambako duka la helmeti za kamera halipo na nusu ya vifaa lazima uviagize ng'ambo au uvibuni mwenyewe.

Swali ninaloulizwa kila mara ni mbona nisifunge kamera ndogo ya video kama wenzangu, kisha nichomoe picha humo. Nimeshafanya hivyo kwa kamera ya kuazima. Mchana wa jua kali inapita. Jua likipungua, ukichomoa picha moja na kuikuza, nyuso zinakuwa uji. Kihisio cha kamera zile, yaani kile kinachopokea mwanga, ni kidogo mno, na video yenyewe haitaki shata (kilango cha mwanga) ya kasi sana. Mimi nataka picha ambayo ukiisogelea unaona mshono wa suti.

Chama cha miavuli cha Marekani, USPA, ambacho miongozo yake hufuatwa hata na viwanja vingi nje ya nchi hiyo, kinapendekeza mtu awe na miruko 200 kabla ya kuvaa kamera ya aina yoyote, na miruko 50 ya karibuni kwa mwavuli uleule atakaoutumia siku ya kamera. Vijana hununa wakisikia hivyo. "Kamera yenyewe gramu mia tu!" Uzito si hoja. Hoja ni kwamba ukishavaa kamera unaanza kufikiria picha, na aliyezama kwenye picha hasomi altimita, kile kipimo cha kimo. Kutoka futi 12,000 hadi futi 5,500, ambako tunatawanyika ili tufungue miavuli, ni kama sekunde 40 hivi: futi 1,000 za kwanza zinachukua sekunde kumi, zinazofuata sekunde tano na nusu kila moja. Humo ndimo umfikie unayempiga, utulie, upige, uachane naye.

Daftari langu limeshavuka sharti. Naanza.

12 Oktoba 2024. Manunuzi, na ndara za ufukweni

Kamera: Canon 100D ya mkono wa pili kutoka Nairobi, pamoja na lenzi yake ya 18-55 ile ya zamani isiyo na kitulizaji cha mtikisiko. Sh 27,000. Ni kamera ya mwaka 2013 na mwenye duka aliona nimepotea njia, lakini niliitaka kwa sababu tatu. Ni nyepesi: gramu 407 pamoja na betri na kadi, na ukiongeza lenzi unafika kama gramu 600. Ina tundu la rimoti la milimita 2.5, plagi ambayo fundi yeyote wa simu anaifahamu. Na pete ya fokasi ya lenzi hii inasogeza vioo moja kwa moja. Kwenye lenzi nyingi mpya pete hiyo hutuma amri tu kwa mota. Ukiibana kwa tepu hujabana kitu.

Helmeti ilitoka ng'ambo, Sh 58,000 pamoja na usafirishaji, na ushuru ukaongeza Sh 17,000. Ina bamba bapa juu, kikombe cha kidevu, na mfumo wa kuivua kwa mpigo: unavuta kishikio kimoja na helmeti yote inakutoka kichwani. Usinunue helmeti ya kamera isiyo na kishikio hicho. Kamba ya mwavuli ikinasa kwenye kamera wakati mwavuli unafunguka, ni lazima uweze kuachana na kamera kabla ya kuvuta mwavuli wa akiba.

Niliifunga kamera kwa bamba la tripodi, lile la kubandua haraka. Nikampelekea fundi wetu wa miavuli aikague. Huyu ni mama mtu mzima ambaye akiwa kazini hacheki.

"Mwanangu, hiki kidude kinashikwa na nini?"

"Springi, mama."

"Na springi ikichoka hapo juu ya Ukunda, hii kamera imwangukie mtoto wa nani?"

Bamba likatoka. Sasa kamera imefungwa kwa skrubu ya robo inchi, ile ya kawaida ya tripodi, imepita chini ya bamba la helmeti na kukazwa kwa sarafu. Kubadilisha kadi kunachukua muda mrefu zaidi; basi.

Kisha akachukua kipande cha kamba ya mwavuli, urefu wa mkono, akaanza kuipitisha helmeti nzima: mbele, nyuma, chini ya lenzi, pembeni mwa kamera, akivuta kila upande. Jaribio hili fanya hata kama huna fundi. Popote kamba inaponasa, angani itanasa. Yangu ilinasa kwenye mwanya kati ya lenzi na helmeti, kwenye reli ya flashi, kwenye vishikio viwili vya mkanda wa kamera na nyuma, kwenye kona ya bamba. Nilikuwa nimeiona helmeti hiyo nzuri sana.

Dawa imepatikana bure. Ndara kuukuu hazikosekani ufukweni kwetu. Bahari huzitema kila siku. Nilizichonga kwa kisu kikali zikajaza ule mwanya wa chini ya lenzi kwa mteremko laini, vipande vingine vikafunika vishikio, na juu yake tepu ya kitambaa. Nilianza na tepu ya umeme, nikaitoa. Kwa joto la hapa gundi yake huyeyuka, tepu inateleza, na mikono yote inanata. Tepu ya kitambaa, roli mbili, Sh 900. Kamba ikapitishwa tena, ikateleza kote.

9 Novemba 2024. Swichi ya mdomo

Vuli imeanza, ndege haziruki sana, ni wakati mzuri wa kazi ya mezani.

Mikono angani ni mabawa yako. Ukiutoa mmoja kubonyeza kamera, unazunguka. Kwa hiyo shata hubonyezwa kwa mdomo: swichi ndogo unaishika kati ya meno na kuing'ata. Zipo za kununua, na bei yake pamoja na usafiri ilinitosha kwenda Nairobi na kurudi. Nikaenda kwa fundi wa simu pale Ukunda.

Umeme wake ni rahisi. Plagi ya milimita 2.5 ina sehemu tatu: ncha ni shata, pete ya katikati ni fokasi, shina ni ardhi. Ukigusanisha ncha na shina, kamera inapiga. Tuliunganisha ncha na pete pamoja ili mng'ato mmoja ufanye yote. Swichi tuliing'oa kwenye kipanya cha kompyuta kilichokufa; ile inayolia "tik" ukibonyeza ndiyo hasa inayofaa, kwa sababu unaisikia kwenye meno hata kelele za upepo zikizidi. Kipanya Sh 100, waya, plagi na mpira wa kusinyaa kwa moto Sh 350, ufundi Sh 700. Jumla Sh 1,150.

Swichi ya kwanza ilifanya kazi uzuri mezani. Mdomoni, baada ya robo saa, mate yalipenya na kamera ikaanza kupiga yenyewe. Nilikuwa nimeketi barazani na helmeti kichwani kwa mazoezi. Jirani akaona mtu anatema mate huku kichwa kinalia tatata. Tukaifungua, tukaikausha, tukaijaza silikoni ya vioo kisha mpira juu. Onyo: silikoni hiyo inanuka siki kwa muda mrefu. Usiitie mdomoni mpaka harufu iishe kabisa. Nimeiacha siku mbili juani.

La pili ni waya kukatika palepale unapoingia kwenye plagi. Ulikatika bila hata kuruka, kwa kuvaa na kuvua helmeti tu. Tumeweka plagi iliyopinda pembe mraba, na kabla ya kuingia kwenye kamera waya unazunguka kitanzi kidogo kilichobanwa kwa tepu, ili ukivutwa, tepu ivutike na si plagi. Waya wote umelala ndani ya helmeti; ni sentimita chache tu zinazotoka kwenda mdomoni, na hizo nazo zimepita jaribio la kamba.

23 Novemba 2024. Kulenga bila kuangalia

Kamera iko juu ya kichwa, jicho liko chini yake, hakuna tundu la kuchungulia. Wenye pesa huvaa kilengeo, kioo kidogo chenye duara kinachoning'inia mbele ya jicho. Mimi nimetumia nukta ya rangi ya kucha kwenye miwani.

Jinsi ya kuipata: kaza helmeti kama siku ya kuruka, vaa miwani ileile, simama mita tatu kutoka ukutani na ubandike karatasi yenye msalaba usawa wa macho. Piga, tazama, inua au shusha pua ya kamera kwa kuchomeka kipande cha ndara chini yake, piga tena, mpaka msalaba ukae katikati. Kisha mtu akuwekee nukta kwenye miwani pale unapouona msalaba, jicho moja tu, lile lenye nguvu. Ukiweka macho yote mawili utaona nukta mbili na hutajua uamini ipi.

Fanya hivyo kwa umbali utakaopigia. Kamera yangu iko sentimita 15 hivi juu ya jicho. Ukilenga kwa mlima wa mbali, mtu wa mita tatu atakatwa miguu.

Kuhusu fokasi: iondoe kwenye otomatiki. Angani kamera hutafutatafuta mawingu. Kwa lenzi hii kwenye milimita 18 na f/8 (kipimo cha tundu la mwanga), ukiweka fokasi mita mbili na kidogo, kila kitu kuanzia kama mita moja hadi upeo wa macho kinakuwa wazi vya kutosha. Nilipima kwa futi kamba, nikapiga gazeti, nikalikuza kwenye kompyuta, kisha nikabana pete ya fokasi na pete ya zumu kwa tepu. Gurudumu la modi nalo tepu. Mlango wa kadi tepu. Kila kinachosubiri kidole kimefungwa hapa chini.

14 Desemba 2024. Maiti ya kamera

Miruko ya kwanza nimebeba kamera iliyokufa. Nilipewa bure na mpiga picha wa harusi. Haiwaki tangu ilipoingia maji. Nilichomeka risasi za mshipi wa kuvulia ndani ya chumba cha betri mpaka uzito ukalingana na ile hai.

Sababu ni shingo. Mwavuli ukifunguka, mwili unasimamishwa kutoka kilomita 190 kwa saa kwa sekunde chache, na kila gramu kichwani inazidishwa. Niliambiwa nikae vipi: kidevu usawa, macho mbele, bega kwa bega sawa, nisitazame juu kuangalia mwavuli hadi utulie. Nilifuata, isipokuwa mara moja mwavuli ulipochelewa kidogo na kichwa kikageuka chenyewe kutazama. Shingo ilikaa upande mmoja siku tatu. Daktari wa zahanati aliuliza kama nilibeba mzigo kichwani, nikamjibu ndiyo.

Baada ya hapo kufunga mwavuli kumebadilika. Mwalimu wangu alinisimamia nikikunja, tukarekebisha namna slaida, kile kitambaa kinachoteremka kwenye kamba, inavyokaa ili ufunguke polepole. Hili ningeliweka mbele ya kununua kamera. Mwavuli unaofunguka kwa kishindo haubebeki na kamera, hata ukiwa na shingo ya ng'ombe.

Jambo jingine la wakati huu ni ukaguzi kabla ya kupanda ndege. Aprili 1988, huko North Carolina, Ivan McGuire, mpiga video mzoefu, aliruka kuwarekodi mwalimu na mwanafunzi wake na hakuwa na mwavuli mgongoni. Inadhaniwa uzito wa mitambo ya video aliyobeba ulimfanya ahisi mgongo uko tayari. Mtu wa kamera ana vitu vingi vya kugusa: swichi, kadi, lenzi, tepu. Kwa hiyo nimeweka utaratibu: kamera inaguswa kwanza, inaachwa, kisha mwavuli, mikanda, vishikio na altimita mwisho, na mwenzangu ananikagua tena kwenye mlango wa ndege. Baada ya mwavuli, kamera haiguswi tena.

29 Desemba 2024. Kamera hai

Picha ya kwanza: hakuna. Ya pili: hakuna. Kamera ilikuwa imelala. Kupanda kunachukua zaidi ya robo saa, na kamera ilizima yenyewe kuokoa betri. Mng'ato wa kwanza ulikuwa unaiamsha tu, nami nilidhani inapiga. Menyu, zima ule usingizi wa otomatiki. Betri ya kamera hii imekadiriwa picha 380, na inatosha sana.

Mruko uliofuata, picha zimejaa: anga, anga, mguu, bawa la ndege, anga, kiwiko. Rafiki yangu niliyekuwa nampiga yuko kwenye kona ya picha moja, ametoka nusu. Nukta ilikuwa sawa. Ila nikiwa hewani nainua kidevu kumtafuta, miwani inasogea juu ya pua, na nukta inahama nayo. Dawa: mpira wa miwani sasa unapita chini ya helmeti na umebanwa kwa kipande cha velkro. Haisogei tena.

Kosa la tatu ni kung'ata bila kuachia. Kamera inapiga picha nne kwa sekunde, na nilikuwa nimeiweka kwenye RAW, faili nzito zisizochakatwa. Zikifika saba hivi inasimama ili iandike kwenye kadi. Basi nilipiga kwa fujo tulipotoka mlangoni, na rafiki yangu alipogeuka na kucheka, meno yake yote nje, kamera ilikuwa inaandika. Nimeihamisha kwenye JPEG, faili nyepesi, na nimejifunza kung'ata mara mbilimbili: tik-tik, tulia. Kadi ya kasi zaidi pamoja na betri ya ziada, Sh 4,800.

Mipangilio niliyoanza nayo: kasi ya shata 1/800 ya sekunde, f/8, ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Ndivyo jua la mchana linavyotaka kwa hesabu ya wapiga picha wa zamani. Mandhari ilitoka safi. Nyuso zilitoka nyeusi.

15 Januari 2025. Jua na maji

Nyuso nyeusi zimenifikirisha kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Mtu anayeanguka kifudifudi anapigwa na jua mgongoni. Saa sita mchana, karibu na ikweta kama hapa, uso wake uko kivulini kabisa. Kuongeza mwanga kwa kipimo kimoja, yaani ISO 400, kunaokoa uso lakini mchanga mweupe wa Diani unaungua. Kwa hiyo swali likawa: turuke saa ngapi?

Ufukwe wetu unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini. Ukitaka mwamba na maji ya kijani viwe nyuma ya mtu, unatazama jua, na yeye anakuwa kivuli. Jioni ndiyo yenyewe. Saa kumi na nusu jua liko bara, limeinama, linampiga usoni mtu anayetazama magharibi, na nyuma yake bahari yote inawaka. Nilifurahi. Tukapanga mruko wa saa kumi na nusu kwa leo.

Mzee mmoja mvuvi pale tunapotua alinisikiliza, akacheka. "Kaka, leo bamvua. Saa kumi utatua wapi?"

Alisema kweli. Mwezi ulijaa juzi. Siku za bamvua, mwezi ukijaa au ukiandama, huku kwetu maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, ufukwe unakuwa mpana mpaka unachoka kutembea, na jioni saa kumi yamejaa hadi kwenye kuta za hoteli. Mahali pa kutua hakuna. Tuliruka asubuhi, picha za kivuli.

Sasa kalenda yangu ya kuruka inafuata mwezi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: jioni maji yako chini, ingawa hayapwi mbali, na mchanga wa kutua upo. Hizo ndizo siku za picha. Yaani wiki moja ndiyo, wiki moja hapana. Mtu wa Nairobi akipanga safari ya kuja kupiga picha za anguko Diani, aulize mwezi kabla ya kuuliza bei.

25 Januari 2025. Maji mafu

Jioni tatu mfululizo. Jua usoni, bahari nyuma. ISO 400, 1/800, f/8, na picha zinatoka na nyuso za watu. Za kwanza ambazo nimewaonyesha nyumbani bila maelezo.

Halafu ukungu. Picha za juu ni safi; zile za chini ya mwavuli na za kutua zote zina utando mweupe. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo futi 12,000 kuna baridi kama nyuzi 24 zaidi ya hapa chini. Lenzi inapoa huko, kisha inashuka kwa dakika chache kwenye hewa ya pwani yenye unyevu, na matone ya maji yanajikusanya juu ya kioo kama kwenye chupa ya soda baridi. Zaidi ya hapo nilikuwa naihifadhi kamera kwenye ofisi yenye kiyoyozi, basi ilikuwa inavuta ukungu hata kabla ya ndege kuwaka.

Nimeitoa kwenye kiyoyozi. Inakaa kivulini nje saa nzima kabla ya kupanda. Lenzi ina kofia ya soksi nene ambayo naivua mlangoni, mguso pekee ninaoruhusu baada ya mwavuli, na kuitia mfukoni kwenye zipu. Hivyo inapoa polepole. Picha za kutua bado zinakuja na utando, ila hafifu, na sijaona haja ya kuzihangaikia. Picha za kutua hupigwa vizuri na aliyesimama chini.

Kioo cha UV cha milimita 58, Sh 1,500, kimefungwa mbele ya lenzi kiwe kafara. Mchanga na chumvi vinakimaliza. Kifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi. Ukifuta kikavu unakikwaruza.

1 Machi 2025. Kukaa mahali

Vifaa vimetulia. Sasa naona picha mbaya zote zilizobaki zinatokana na mahali nilipo.

Umbali mzuri kwa lenzi hii ni mita mbili hadi tatu. Zaidi ya hapo mtu anakuwa nzi. Lakini mita mbili angani ni karibu sana kwa mtu ambaye hajatulia: nikikaza macho kwenye nukta, mikono inanyooka mbele bila mimi kujua, hewa inanisukuma nyuma, namwona anapungua. Nikisahihisha kwa kunyoosha miguu, nakuja kwa kasi na kumpita. Mwalimu alitazama picha kwa mfuatano akasema, "Wewe unapiga picha ya kwenda na kurudi."

Tuliacha kamera ikiwa imezimwa na tukaruka miruko ya kukaa tu. Kazi moja: niwe mbele yake, chini kidogo, nimtazame machoni, nisisogee. Chini kidogo kwa sababu uso wake unatazama ardhi. Ukiwa juu yake unapata utosi. Lakini usiingie chini yake kabisa, wala yeye asiwe chini yako. Juu ya mgongo wa mtu anayeanguka kuna hewa iliyovunjika isiyobeba kitu. Ukiingia hapo unamwangukia.

Kilichosaidia zaidi ni kumchagua wa kumpiga. Mwanzoni nilikuwa nawapiga marafiki wanaopenda kupinduka na kujionyesha. Sasa nampiga dada mmoja anayeruka kwa utulivu, nusu ya kazi ameifanya yeye. Tunakubaliana ndegeni anatazama upande gani (magharibi, jua), na kwamba kwenye futi 5,500 anageuka na kuondoka hata kama mimi bado napiga. Saa ya picha anaishika anayepigwa.

Tena nimenunua altimita ya sauti iliyotumika, inayokaa sikioni ndani ya helmeti. Sh 18,000. Inalia kwa futi 5,500, tena 4,500, tena 3,500. Ile ya mkononi bado naisoma. Lakini wakati jicho liko kwenye nukta, sikio ndilo linalosoma.

Wageni wanaoruka kwa tandemu, wamefungwa kifuani kwa mwalimu, siwapigi. Nimeombwa mara kadhaa, na hela ipo. Tandemu ina kimwavuli chake kidogo kinachoburuta juu kuwapunguzia kasi, ina mtu asiyejua kitu, na ina mwalimu ambaye hataki mgeni wa pili wa kumtazama. Hiyo kazi ni ya wenye miruko mingi zaidi ya mimi na ruhusa ya uwanja.

22 Machi 2025. Hesabu

Picha moja imechapishwa, sentimita 60 kwa 40, mtu na mwamba na jahazi dogo upande wa kushoto ambalo sikuliona kabisa nilipokuwa juu. Fundi wa miavuli ameitazama muda mrefu akauliza kwa nini kamba ya suti ya yule dada ilikuwa nje. Ilikuwa nje kweli.

Gharama bila miruko: kamera na lenzi Sh 27,000, helmeti na ushuru Sh 75,000, swichi Sh 1,150, kioo cha UV Sh 1,500, kadi na betri Sh 4,800, altimita ya sauti Sh 18,000, tepu Sh 900. Jumla Sh 128,350. Miruko ndiyo imekula pesa nyingi, na hiyo kila mmoja atahesabu kwa bei ya uwanja wake. Ungeanza na helmeti iliyotumika ya mrukaji anayehama, ungepunguza karibu theluthi, mradi kishikio cha kuivulia ukijaribu mwenyewe ikiwa imening'inia na uzito.

Yaliyobaki: swichi ya pili ya akiba, kwa kuwa hii ya kipanya imeanza kulegea na baadhi ya ming'ato haiitiki, suti yenye mabawa ya kitambaa chini ya mikono, ili niweze kupunguza kasi nikimpita mtu, na kujaribu lenzi pana zaidi, ambayo itabidi kupimiwa ukutani upya pamoja na nukta mpya. Masika yakaribia. Helmeti imerudi kwa yule mama, ndara zimeanza kubanduka upande wa nyuma, na amesema hatanirudishia mpaka nilete gundi ya viatu iliyo bora.